Jina la Kuazima: Je, Yafaa Kumshikia Mgeni Ardhi?

Ndugu zetu wasomaji, Mwenyezi Mungu atupe sisi na nyinyi ufahamu wa haki, na baada ya ufahamu atupe nguvu ya kuifuata, kwani wengi wetu twaijua haki lakini miguu yetu ni mizito kuiendea.

Usiku wa Alkhamisi moja, katika darsa yetu hapa Garissa, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja aliuliza swali hili: "Maalim, nina ami yangu aliyekwenda Ulaya zamani, na huko amekuwa raia. Sasa amenitumia fedha nimnunulie kiwanja, kisha nikiandikishe kwa jina langu, kwani ameambiwa ya kuwa mgeni hawezi kumiliki ardhi ya Kenya. Kiwanja kitakuwa chake, jina litakuwa langu. Je, nikifanya hivyo nina makosa?"

Kabla sijafumbua kinywa, majibu yalikuwa yamekwisha toka pande zote. Mmoja alisema: "Mgeni ni nani? Mwislamu si mgeni katika nchi ya Mwislamu mwenzake, na mipaka hii tumechorewa na wakoloni." Wa pili akasema: "Serikali hii sisi wenyewe ilituhesabu wageni, leo tuilindie sheria zake?" Wa tatu, naye ni mfanyabiashara, akasema: "Fedha ni zake, kiwanja ni chake, karatasi ni karatasi tu. Nani amedhurika?"

Nilimwambia kijana asubiri mpaka wiki ya pili. Wengine walidhani nimeshindwa, na wengine walidhani nakwenda kutazama vitabu. Vitabu nilivitazama, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine. Jambo hili liliwahi kunipita mbele ya macho yangu mimi mwenyewe, nikawa shahidi wake, na sikulitendea haki kwa muda wa kutosha kunitia haya. Basi haya niandikayo ni jawabu la kijana yule, na pia ni jawabu la nafsi yangu.

Kwanza yatupasa tujue sheria yenyewe yasemaje, kwani mtu hawezi kuhukumu asilolijua, na wengi waisemao sheria hii hawajaisoma.

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu chake cha 65, yasema ya kuwa mtu asiye raia aweza kushika ardhi kwa njia ya kukodi tu, wala muda wa kukodi huko hauzidi miaka 99. Ikiwa mkataba wampa zaidi ya hapo, huhesabiwa umempa miaka 99 tu. Hata wageni waliokuwa na milki ya daima kabla ya siku hiyo, milki zao ziligeuzwa zikawa za kukodi kwa muda huo huo. Basi si kweli kwamba mgeni hawezi kupata ardhi kabisa. Mgeni apata, lakini apata kwa mpaka.

Kisha watungaji wa Katiba walijua hila za watu, wakaziba mianya miwili. Mwanya wa kwanza ni kampuni: kampuni haihesabiwi kuwa raia ila ikiwa yote nzima ni mali ya raia. Mwanya wa pili ndio ulio mlangoni kwetu: mali inayoshikwa kwa amana haihesabiwi kuwa imeshikwa na raia ila ikiwa wote wanaonufaika na amana hiyo ni raia. Rudia maneno haya, ewe msomaji, uyatafakari. Maana yake ni kwamba hata kama jina lililoandikwa katika hati ni la Mkenya, ikiwa mwenye kunufaika kwa kweli ni mgeni, sheria yamtazama yule mgeni aliye nyuma ya pazia. Jina la kuazima halimpi kitu ambacho asingekipata kwa jina lake mwenyewe. Lamfichia tu kile alicho nacho, mpaka afike siku ya kukihitaji asiweze kukionyesha.

Ama mashamba, hukumu yake ni kali zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 yaiamuru bodi ya ardhi ikatae kutoa idhini pale ambapo ardhi ya kilimo yauzwa au yakodishwa kwa asiye raia, isipokuwa Rais akitoa msamaha. Na biashara ya ardhi kama hiyo isiyo na idhini ni batili, kama kwamba haikufanywa.

Ama ardhi kubwa ya kwetu huku, kutoka Mto Tana mpaka mpaka wa Somalia, sehemu yake iliyo nyingi si ya mtu mmoja mmoja wala si ya serikali. Zamani iliitwa ardhi ya amana, ikawa mikononi mwa mabaraza ya wilaya. Tangu Katiba mpya na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ni ardhi ya jamii. Ile ambayo jamii hazijaiandikisha imo mikononi mwa serikali ya kaunti kama mdhamini tu, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza kuwa mali ya mtu binafsi. Na jamii ikitaka kumpa mwekezaji nafasi juu ya ardhi yake iliyoandikishwa, sharti pawe na mashauriano ya wazi, na thuluthi mbili za watu wazima wa jamii hiyo waridhie katika mkutano. Basi yule mzee wa ukoo anayekaa chini ya mti akamuuzia mtu ekari mia za malisho kwa kutia dole gumba, ameuza kisicho chake, na aliyenunua amenunua upepo.

Hiyo ndiyo sheria. Lakini swali la kijana halikuwa la sheria peke yake. Aliuliza kama ana makosa, na makosa ni jambo la dhamiri kabla halijawa la mahakama. Basi na tuzijibu hoja tatu za wale ndugu, moja baada ya moja, na tuzijibu kwa insafu, kwani kila moja ina chembe ya ukweli ndani yake.

Hoja ya kwanza ni kwamba Mwislamu si mgeni kwa Mwislamu. Naam, udugu wa imani ni kweli, wala hakuna mpaka unaoukata. Lakini udugu haukufuta milki. Ndugu yangu wa baba mmoja na mama mmoja haingii shambani kwangu bila ya idhini yangu, na hakuna mwanachuoni aliyesema ya kuwa udugu wetu wamhalalishia. Tena tazameni nchi za Waislamu wenyewe. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wafanya biashara, sheria yake ya mwaka 2006 yaruhusu umiliki wa ardhi kwa raia wa huko na raia wa nchi za Ghuba, na mtu mwingine yeyote, awe Mwislamu au asiwe, hamiliki ila katika sehemu zilizobainishwa na mtawala. Majirani zetu ni hivyo hivyo: Uganda mgeni hukodi tu, wala si zaidi ya miaka 99, Tanzania, kwa sheria ya 1999, mgeni hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa. Basi sheria hii ya Kenya haikuwekwa kuwapiga vita Waislamu. Ni desturi ya mataifa kulinda kile kisichozidi wala kuzaa, nacho ni ardhi. Na mtu akiingia Dubai akazitii kanuni zao bila ya kunung'unika, kisha akirudi Garissa asema kanuni za hapa ni za wakoloni, huyo hapimi kwa mizani moja.

Hoja ya pili ni nzito, wala sitaipuuza. Ni kweli kwamba watu wa huku walifanywa wageni nyumbani kwao. Kanuni za wakoloni za 1902 na 1934 zilizifunga wilaya hizi, mtu haingii wala hatoki ila kwa ruhusa. Baada ya uhuru, tangu mwisho wa 1963 tuliwekwa chini ya hali ya hatari, na sheria zake hazikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliitwa wakaguliwe kama ni raia, wakapewa kadi za namna ya peke yake. Mzee mwenye nywele nyeupe aliyezaliwa ukingoni mwa Tana alisimama mstarini kuthibitisha ya kuwa hakutoka kwingine. Aliyeyaona haya hayasahau, na asiyeyaona asituambie tuyasahau.

Lakini nauliza: dawa ya aliyeitwa mgeni kwa uongo, je, ni kumwita mgeni raia kwa uongo? Kila mtu wetu anayetia saini ya kuwa kiwanja hiki ni changu, naye ajua si chake, ampa silaha yule asemaye, "Watu hawa hawajulikani, raia wao na mgeni wao ni mmoja." Kisha silaha hiyo haimpigi tajiri aliye ng'ambo. Yampiga mtoto wa maskini wa bulla anayekwenda kuomba kitambulisho, akaulizwa babu yake alizaliwa kisima gani. Tumelipa dhulma ya serikali kwa mali ya watoto wetu wenyewe.

Tena fikirini sheria hii yamlinda nani. Mwenye fedha nyingi hahitaji kulindwa. Anayehitaji kulindwa ni mfugaji ambaye mali yake yote ni ng'ombe na ngamia, na malisho yao hayana ua wala hati. Tangu ulipozinduliwa mwaka 2012 mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na barabara zake kupitia Garissa mpaka Isiolo, ardhi iliyokuwa haiulizwi bei imeanza kuulizwa. Lau milango ingekuwa wazi kwa kila mwenye fedha wa dunia, mwenyeji angebaki kuchunga kandokando ya kuta za wengine. Na mwenyeji anayemwazima mgeni jina lake aufungua mlango huo kwa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.

Ndugu zetu wa pwani walikwisha pita njia hii. Ilipotoka kanuni ya hati za ardhi ya mwaka 1908, waliopeleka madai yao wakaandikiwa walipata hati, na wengi ambao hawakupeleka, kwa kutojua au kwa kupuuza, mashamba ya mababu zao yalihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Mpaka leo pwani yaugua ugonjwa huo. Waliona karatasi ni karatasi tu.

Na hapo ndipo twafika kwenye hoja ya tatu, ya yule mfanyabiashara aliyeuliza ni nani aliyedhurika. Kumjibu huyu yanilazimu niseme yale niliyoyaona.

Miaka kadhaa iliyopita, mtu mmoja wa mji huu, mcha Mungu, wala sitamtaja jina, alipokea fedha kwa hawala kutoka kwa rafiki yake aliyekuwa akiishi nje. Rafiki huyo hakuwa Mkenya, wala wazee wake hawakuwa Wakenya. Alimwamini mwenzake kwa sababu walisoma chuo kimoja utotoni. Fedha zikanunua kiwanja mjini, kiwanja kikaandikwa jina la mtu wetu, na juu yake ikajengwa nyumba ya kupangisha. Siku ya kuuziana niliitwa niwe shahidi. Nilijua fedha ni za nani, nikaandika jina langu chini ya karatasi isemayo vingine. Sikuona ubaya. Niliona namsaidia Mwislamu.

Mtu wetu alikuwa mwaminifu, akimpelekea mwenzake kodi kila mwezi asipunguze shilingi. Kisha mauti yakamjia ghafla barabarani. Aliacha mjane na watoto watano, na katika makaratasi yake walikuta hati ya kiwanja yenye jina lake. Hakuwa amemwambia mkewe lolote, kwa kuwa siri ilikuwa ya wawili tu, na mimi wa tatu.

Yule rafiki alikuja na stakabadhi za hawala na barua za zamani. Mjane akalia: "Mume wangu hakuwahi kusema. Mwataka kuwavua watoto wangu sakafu wanayolalia?" Wala hakuwa akisema uongo, hakuambiwa. Na yule rafiki hakuwa akisema uongo. Fedha zilikuwa zake. Walikwenda kwa Kadhi, lakini Kadhi kwa Katiba ahukumu ndoa, talaka, mirathi na mambo ya nafsi baina ya Waislamu, na hapa swali lilikuwa ni mali ya nani kabla haijawa mirathi. Wakaambiwa kuna mahakama ya ardhi. Mwenye stakabadhi aliogopa kwenda huko, kwani ili adai chake ingempasa asimame mbele ya jaji aseme: "Mimi ni mgeni, nilijificha nyuma ya jina la raia." Dai lake lingeanza kwa kukiri hila yake.

Hapo walinitazama mimi. Ndugu wa mjane walikuja nyumbani usiku wakaniambia: "Wewe nyamaza tu. Hati yatosha." Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilinyamaza muda wa miezi mitatu. Nilijiambia ya kuwa mayatima wana haki ya kuhurumiwa kuliko tajiri wa ng'ambo. Lakini huruma isiyokuwa na haki ni wizi wenye sura nzuri. Mayatima walikuwa wakilishwa mali ya mtu mwingine, na aliyewawekea chakula hicho mezani ni mimi kwa kimya changu.

Basi nani aliyedhurika? Jibu, ewe ndugu mfanyabiashara. Alidhurika mwenye fedha, aliyepoteza mali yake kwa kukosa ulimi wa kuidai. Alidhurika mjane, aliyeonekana mwizi hali ya kuwa ni msafi. Alidhurika maiti, ambaye uaminifu wake wa miaka mingi ulifutwa kwa siri ambayo hakuiandika. Na alidhurika shahidi. Hakuna hata mmoja wao aliyekusudia ubaya, na hilo ndilo la kutisha katika jambo hili. Hila haihitaji watu wabaya ili izae dhulma. Yatosha mtu mmoja afe.

Waislamu, tusijisahau. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu haikuhusu vita wala kisa cha umma uliopita. Yahusu kuandika deni na kushuhudisha. Na katika mafundisho ya Mtume s.a.w. hakuna onyo jepesi juu ya mwenye kutwaa hata shibiri moja ya ardhi isiyo yake. Basi itakuwaje sisi, wenye mafundisho hayo, tuwe watu wa kuuziana ardhi kwa siri na kwa kuaminiana midomo, kisha tujivune ya kuwa hawala zetu hazina karatasi?

Sasa yatupasa kupambanua, kwani hukumu isiyopambanua huwa dhulma nyingine. Si kila aitwaye mgeni ni mgeni.

Wako vijana wa Garissa, maelfu yao, ambao ni Wakenya kwa baba na mama, lakini katika miaka ya ukame wazazi wao waliwapeleka katika kambi za Dadaab, zilizokuwako tangu 1991, ili wapate mgao wa chakula na dawa. Mtoto mwenye njaa hakuuliza anaandikwa daftari gani. Alipofika umri wa kitambulisho, alama za vidole vyake zilionekana katika daftari la wakimbizi, akaambiwa wewe si Mkenya. Huyu ni mgeni wa karatasi. Kwa kweli ya mambo na kwa Katiba yenyewe ni raia wa kuzaliwa, kwani uraia wa kuzaliwa hufuata baba au mama. Ikiwa ami yake au mjomba wake amshikia kiwanja cha urithi mpaka karatasi yake itengenezwe, je, huko nako ni kuazima jina?

Nasema si hivyo. Yule wa kwanza alificha ukweli ili asionekane. Huyu ahifadhiwa ukweli wake mpaka uonekane. Aliyenufaika ni raia, hata kama hajapewa kadi yake, na amana iliyo kwa ajili ya raia haikukatazwa. Lakini hata hapa sharti yabaki ile ile: iandikwe wazi kwa wakili ya kuwa fulani ashika kwa ajili ya fulani, mashahidi watie saini, na watoto wa mshikaji wajue. Kama jambo laweza kuandikwa waziwazi bila ya hofu, hiyo ni alama ya kuwa lina uhalali. Na kama mtu aogopa kuliandika, ajiulize ni kwa nini aogopa.

Vivyo hivyo ndugu zetu walio Minneapolis, London na Oslo. Wengi wao wajidhania wageni nao si wageni. Chini ya Katiba ya zamani mtu mzima aliyejitwalia uraia wa nje aliupoteza wa Kenya. Katiba ya 2010 imeligeuza hilo: raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa pili, na aliyekuwa ameupoteza kabla ya hapo ana haki ya kuurudishiwa akiomba. Na mtoto aliyezaliwa huko, ikiwa siku ya kuzaliwa kwake baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya, naye ni raia wa kuzaliwa. Basi mtu kama huyu akimwandikisha mpwa wake kiwanja kwa hofu ya sheria, ameukimbia mlango wa nyumba yake mwenyewe akapanda dirisha.

Ama mgeni wa kweli, mwenye mali ya halali na nia njema, naye ana njia. Akodi kiwanja cha mjini kwa jina lake mwenyewe, kwa muda uliowekwa, na aandikishe mkataba wake serikalini. Miaka 99 ni zaidi ya umri wa mtu, na mjukuu wake atakuwa mzee kabla haijaisha. Ikiwa ataka biashara na mwenyeji, na waandike ushirika wa biashara na wagawane faida na hasara, ardhi ibaki kwa mwenyeji. Ikiwa ataka kumkopesha rafiki fedha ajenge, na iandikwe kuwa ni deni. Na ikiwa ataka kumpa jamaa yake, na ampe, kisha asije kesho akasema ilikuwa amana. Asiguse mashamba ya kilimo bila ya msamaha wa sheria, wala asinunue malisho ya jamii kwa mtu mmoja, hata akionyeshwa muhuri wa namna gani. Hati iliyopatikana kwa njia isiyo halali yaweza kubatilishwa mahakamani. Muhuri hautakasi kilichoibiwa.

Labaki swali la wale ambao jambo limekwisha tendeka. Wamo miongoni mwetu, nami nawajua baadhi yao. Wewe uliyeandikisha jina lako kwa kiwanja cha mwingine, ufanye nini?

Nasema usilale usiku huu mpaka umeandika wasia. Andika fedha zilikuwa za nani, kiasi gani, mwaka gani, na nani alishuhudia. Waambie mkeo na watoto wako wakubwa. Kisha utafute wakili, mfanye mambo yawe wazi: mgeni akodishiwe kwa mujibu wa sheria, au kiwanja kiuzwe kwa raia na mwenye fedha arudishiwe. Na ukifa kabla ya hayo, warithi wako wajue ya kuwa deni hutangulia mirathi. Kwanza maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo fungu la mrithi. Warithi hawarithi ila kilichobaki.

Na hapa ndipo penye moyo wa jambo lote. Sheria ya nchi imemzuia mgeni kumiliki ardhi. Haikumhalalishia mtu yeyote fedha za mgeni. Anayesema, "Sheria haimtambui, basi mali ni yangu," ameitumia sheria kama mwizi autumiavyo usiku. Wala asiseme ya kuwa yule mwenzake alianza kwa hila. Makosa ya mwenzako hayakufanyi wewe kuwa mrithi wake.

Lipo suala gumu la kiasi: arudishiwe fedha alizotoa zamani, au thamani ya leo ambayo yaweza kuwa mara nyingi zaidi? Wenye kusema arudishiwe alizotoa tu wana hoja, kwani ardhi haikuwa yake kisheria hata ikamzalia. Wenye kusema apewe zote nao wana hoja, kwani lau si fedha zake pasingekuwa na kiwanja. Mimi naona ya kuwa hapo ni mahali pa sulhu: fedha alizotoa na gharama za ujenzi ni haki yake isiyo na mjadala, na ziada na wagawane kwa kuridhiana mbele ya wazee, kwa kuwa imepatikana kwa mali ya mmoja na kwa jina na ulinzi wa mwingine.

Hivyo ndivyo tulivyofanya katika kisa kile. Mwezi wa nne nilikwenda kwa mjane, pamoja na wazee wawili, nikamwambia yote niliyoyajua. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Na siku ile ulipotia saini, ulikuwa hujui?" Sikuwa na jawabu. Kiwanja kiliuzwa, rafiki akarudishiwa fedha zake, na kutoka katika ziada mjane alibaki na ya kununua nyumba ndogo. Ndugu zake hawanisalimu mpaka leo. Nimelikubali hilo, ni bei ya miezi mitatu.

Wiki ya pili kijana alirudi. Nilimwuliza ami yake alizaliwa wapi. Akasema hapa hapa Garissa, na babu yake amezikwa hapa. Nikamwambia: "Basi mwandikie ami yako aombe uraia wake alioupoteza. Kisha anunue kwa jina lake, na wewe uwe wakala wake kwa karatasi ya uwakala, kama watu wafanyavyo. Fedha zake zirudishe au zikae zimeandikwa mpaka siku hiyo." Akauliza: "Na asipotaka kungoja, Maalim?" Nikasema: "Akikataa kungoja, mwambie ya kuwa jina ulilo nalo ni la babu yenu wote wawili, wala huwezi kuliazimisha peke yako."

Mwenyezi Mungu atulinde na mali isiyo yetu, na atulinde zaidi na mali ambayo watu wadhani ni yetu.